Seva Yako Inaamini Kila Salamu

Mwanangu Idrisa,

Salamu za barua hii nitazifupisha, kwani wewe si mtu wa mbali: uko chumba cha pili, nakusikia ukicheka na binamu zako huku mkigombania namna ya kufunga hilo begi. Sisi wazima, baba yako mzima, kuku wazima. Ninachotaka kukwambia nimekwisha kukwambia mara mbili leo, na mara zote mbili nilianza vizuri nikaishia kulia. Mimi nakujua. Nikilia huyasikii maneno, unasikia kilio tu, unanipapasa bega na kusema, "Basi Mama, nimekuelewa." Hukunielewa. Kwa hiyo naandika, maana karatasi hailii, na wewe tangu mdogo ukishaanza kusoma kitu huwezi kukiacha katikati.

Mambo ya kula kwa wakati, kusali, kuanika godoro na kutopanda bodaboda bila kofia sitayagusa. Shangazi zako wameyamaliza tangu mchana, na nilikuona ukiitikia "ndiyo shangazi" huku unaangalia simu.

Naogopa, Idrisa. Naogopa mpaka pilau ya kukuagia, niliyoipika mwenyewe, sikuila. Baba yako anasema mimi mwoga wa kuzaliwa, kwamba paka akidondosha sufuria nafunga madirisha yote. Sikatai. Kwa mwoga huenda kicheko, na leo mmekichukua ninyi mkacheka kwa niaba yangu. Lakini hofu ninayoisema hapa si ya mama anayemwona mwanawe anatoka Bagamoyo kwenda Tanga. Hiyo nayo ipo, nimeisogeza pembeni, itanisumbua kesho ukishaondoka. Ya leo ni kwa ajili ya wale wanawake.

Ulipopata kazi hii nilijivuna mpaka nikawachosha watu sokoni Dunda. Kazi ya kwanza, na ya maana: kutunza mfumo wa kompyuta wa nyumba ya hifadhi, wanakokimbilia wanawake waliopigwa na wasichana waliotaka kuozwa kwa nguvu. Uliniambia nyumba yenyewe haina kibao nje, na wanaofanya kazi humo hawawaambii hata ndugu zao iko mtaa gani. Nilipenda sana kusikia hivyo. Na mfumo umeuandika mwenyewe hapa hapa kwenye meza yetu, na tangu wiki iliyopita wameanza kuutumia kweli, na majina ya kweli yamo ndani.

Leo baada ya chakula cha mchana ulinikalisha unionyeshe. Kuna seva mbili, ulisema. Ya kwanza inakaa mlangoni. Mtu anaandika jina lake na neno lake la siri, seva inamhakiki, ikiridhika inalipeleka ombi lake kwa seva ya ndani, yenye kumbukumbu zote. Na ili seva ya ndani ijue ni nani anayeomba, ile ya mlangoni inaongeza mstari mmoja juu ya ombi, kwenye zile heda, maelezo yanayotangulia ombi: Mtumiaji, Rehema. Seva ya ndani ikiona Rehema, inafungua vya Rehema. Haimuulizi neno la siri tena, kwa kuwa mlangoni kashaulizwa. Nilikusifu, na nilikusifu kwa dhati. Hata mimi, miaka yote niliyotunza kompyuta za hospitali, nimeitumia njia hiyo, na haina ubaya mradi seva ya ndani haimsikilizi yeyote isipokuwa ile ya mlangoni.

Ndipo nikakuuliza, "Na mtu akiiendea ya ndani moja kwa moja?"

"Ataipatia wapi, Mama? Anwani yake haijui mtu."

Ukavaa viatu ukaenda Mapinga kuwaaga wazee. Mimi nikabaki na kompyuta yangu na lile swali. Nilikosea makusudi kuandika anwani ya ukurasa, mfumo wako ukatoa ujumbe wa kosa, na katikati ya ujumbe ule anwani ya seva ya ndani imekaa wazi, kila mtu aisome. Nikaipelekea ombi. Juu ya ombi nikaandika mwenyewe ule mstari: Mtumiaji, Rehema. Neno la siri sikuandika, maana sina. Bi. Rehema sijawahi kumtia machoni, namjua kwa maneno yako tu kuwa ndiye mlezi mkuu wa nyumba ile.

Ikanikaribisha. "Karibu, Bi. Rehema," kwa maandishi yale ya kijani uliyoyapenda.

Niliona jina la msichana wa kwanza, umri wake, kijiji alikotoka, chumba anacholala, na chini kabisa jina la mtu anayemtafuta. Umri wake ni sawa na wa dada yako. Niliifunga kompyuta kwa kishindo, nikatoka uani, nikasimama pale kwenye kamba ya nguo bila kujua nimefuata nini. Jina lake sitaliandika hapa, wala sitalitaja kwa mtu. Lakini limeshaingia kichwani mwangu na mimi sikuwa na haki nalo.

Uliporudi alasiri nikakwambia. Mwanzo ulicheka. Ukamwita binamu yako, "Njoo umwone Mama, kanidukua!" Nikaona umefurahi, umenionea fahari, na mimi nikasahau hofu yangu kidogo kwa ajili ya ile fahari yako. Niliposema uifunge leo, uso ukabadilika.

"Nitaifunga nikishafika, Mama. Wiki ijayo."

"Kwa nini si leo?"

"Nikiifunga leo mfumo wote unalala. Kuna mahali nimepanga vibaya, panataka kupangwa upya. Na keshokutwa wakubwa wanakuja kuuona unavyofanya kazi. Nianze kazi kwa kuwaambia umezimika?"

"Waambie."

"Halafu nani huko anajua habari za heda? Wale wanaume wanajua kupiga wake zao, basi."

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na mazungumzo yakaisha. Mara ya pili ilikuwa jikoni, baada ya magharibi, na mara ile nililia mapema zaidi.

Sasa nikujibu, maana jikoni sikuweza. Mwanamume anayemtafuta mwanamke aliyemkimbia hana haja ya kujua habari za heda. Ana mpwa aliyesoma. Ana rafiki mwenye duka la kutengeneza simu. Ana muda, na ana hasira inayomwamsha kila asubuhi kabla ya jogoo. Watu wa namna hiyo mimi nimewahi kukutana nao, tena nilimwandalia chai mmoja wao.

Mama yako mdogo Tatu unamjua. Unajua sikio la kushoto halisikii, na ninyi watoto wote mmezoea kukaa kuliani kwake bila kuambiwa. Unajua pia kwamba aliyemfanya hivyo ni mumewe. Usilolijua ni namna mumewe alivyompata, kwa sababu Tatu alinikataza kuwasimulia, akasema yamekwisha. Kwangu hayajaisha, na leo namvunjia miko yake.

Tulikuwa bado tunakaa Zinga, wewe ukiwa mchanga mgongoni mwangu. Tatu alikuja kwetu asubuhi moja na nguo alizovaa tu. Hatukumlaza kwetu, kwani pangekuwa pa kwanza kutafutwa. Nilimpeleka kwa rafiki yangu Mapinga, na aliyejua ni mimi na baba yako peke yetu. Siku zikapita, tukaanza kupumua.

Mchana mmoja nikasikia hodi. Kijana nadhifu, kanzu safi, kofia ya mkono, viatu akavivua nje kabla sijamwambia. Akanisalimia salamu ndefu zile za wazee wetu, habari ya nyumbani, habari ya wagonjwa, habari ya shamba. Kisha akasema, "Dada, nimetokea kwa shangazi yenu Mwanaidi. Anakusalimuni sana. Anauliza goti la mzee linaendeleaje, na huyu Idrisa wake meno yameota?"

Wewe, Idrisa, alikutaja kwa jina. Ulikuwa unalala, nikageuza mgongo akuone.

"Yameota mawili," nikamwambia, nafurahi mimi.

"Mashaallah. Sasa shangazi ana mzigo wa Tatu, kanga na dawa ya kifua. Kaniapisha nisimkabidhi mtu isipokuwa mwenyewe."

Ningemuuliza nini? Umelelewa hapa, unajua. Mtu akikuletea salamu za shangazi yako, na katika salamu hizo goti la baba yako limo na meno ya mwanao yamo, humwambii athibitishe. Ukimwambia hivyo umemtukana yeye na umemtukana shangazi. Nilimtengea chai na maandazi pale kibarazani. Nikamweleza nyumba ya Mapinga, ukishapita kisima, mlango wa bluu, na alipoonekana hajashika vizuri nikainama nikamchorea njia mchangani kwa kidole. Alinishukuru sana. Alisema Mungu anilipe.

Shangazi Mwanaidi hakumtuma mtu. Yule kijana alikuwa binamu wa mume wa Tatu, na mume mwenyewe alikuwa anamsubiri barabarani. Habari za goti na za meno alizipata kwa huyo mume wa Tatu, ambaye alikuwa shemeji yangu, amekula kwangu, amekubeba wewe. Walipofika Mapinga rafiki yangu alikuwa kisimani. Yaliyotokea mle ndani Tatu hajawahi kunisimulia, na mimi sijawahi kumuuliza. Nilimkuta hospitali, kichwa kimefungwa bandeji. Alinishika mkono akasema, "Dada, usilie, hukujua." Alinisamehe palepale. Nimeishi na msamaha ule miaka yako yote, na ni mzito kuliko kama angenitukana.

Miaka mingi nilijilaumu kwa mdomo wangu. Nikawa mkimya kwa watu, mpaka majirani wakasema mke wa fulani ana kiburi. Ilinichukua muda mrefu kuona kosa lenyewe lilikuwa wapi. Kila jina alilotaja sawasawa lilinizidishia imani. Nilidhani anayetujua hivi ni wetu. Lakini fikiri, mwanangu: ni nani anayemjua Tatu kwa majina yote, na jamaa zake, na magonjwa ya jamaa zake? Ni yule ambaye Tatu amemkimbia. Wale wanawake wa Tanga hawawindwi na watu baki. Wanawindwa na waume, baba, wajomba, watu wanaojua hata jina la utani walilopewa utotoni. Kujua jina si kitu kwao. Hata jina la Bi. Rehema watakuwa nalo, kwa kuwa kila aliyewahi kwenda kufoka kwenye ofisi yao, ambayo si siri kama nyumba, atakuwa amelisikia.

Na seva yako ya ndani inaketi kibarazani kama nilivyoketi mimi. Inaletewa mstari, "Rehema anasalimu," inafungua mikono. Haiulizi mstari huu umeuleta wewe nani, umetokea mlango gani. Ina adabu zetu zote za pwani, na kosa hilo ni langu pia, maana adabu hizo nimekufundisha mimi. Nilikuchapa ulipokuwa darasa la tatu kwa kumuuliza mgeni "wewe nani?" Unakumbuka? Ulikuwa umeuliza swali zuri. Nilikuchapa kwa sababu nilikuwa na aibu mbele ya mgeni, na nadhani kuna kitu nilikizima siku ile. Nisamehe kwa hilo.

Kwa watu endelea na adabu zako, usije ukanigeukia jeuri ukasema Mama kaniambia. Mashine isiwe na adabu. Iwe na roho mbaya kabisa. Ya ndani izibe masikio kwa dunia nzima, isikie ya mlangoni tu. Ya mlangoni nayo, kabla haijaandika mstari wake, ifute mstari wowote wa namna ile ambao mgeni kaja nao mfukoni. Na mstari wenyewe utiwe alama ambayo asiye na ufunguo hawezi kuighushi. Unayajua haya. Ulinieleza mwenyewe mwaka jana, na kwa ufasaha kunishinda. Ujuzi unao, mwanangu. Unaogopa wakubwa watasema nini keshokutwa, na hofu hiyo naielewa, kwani nilimchorea mtu njia mchangani kwa kuogopa aibu ndogo kuliko hiyo.

Sasa kuna jambo nimelifanya nyuma yako, na ni bora ulisikie kwangu. Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nimekuchelea tangu alasiri, na baada ya kula nikaona basi. Ulipokuwa uani na vijana, namba ya Bi. Rehema ilikuwa kwenye karatasi zako za kazi pale mezani, nikaipiga kwa simu yangu.

Alipokea haraka. Nikamsalimu, nikajitambulisha, "Mimi ni mama yake Idrisa, kijana wenu wa kompyuta anayekuja kesho." Nikamwambia mfumo uko wazi, majina yanaonekana, auzime usiku huu huu au awahamishe wale ambao vyumba vyao vimeandikwa. Nilisema kwa pupa, huku nalia.

"Mama," akaniambia, taratibu kabisa, "kila wiki kuna mama wa mtu anayenipigia. Wanalia kama wewe. Mmoja alijua mpaka rangi ya mapazia yetu."

"Mimi ni mama yake kweli, Bi. Rehema. Wallahi."

"Inawezekana. Lakini sikujui. Siwezi kuwatoa wanawake nje usiku kwa maneno ya mtu nisiyemjua, maana nje ndiko wanakosubiriwa. Na mfumo sijui kuuzima, anajua yeye. Kijana wako namjua, tumekaa naye, tuna neno letu tulilopatana. Akinipigia yeye, akalisema, nitafanya lolote atakaloniambia, hata sasa hivi." Halafu akakata.

Niliona haya, nikaona na hasira kidogo. Mimi, mtu mzima, nimekatiwa simu. Kisha nikakaa chini kwenye mkeka, kwa sababu yule mama alifanya sawa kabisa, na kwa kufanya sawa amenifungia mlango mimi pamoja na hao wanaume. Watu ninaowaogopa wanaweza kuingia kwenye mfumo wako usiku huu kwa kuandika jina la Bi. Rehema. Mimi ninayetaka kumwonya Bi. Rehema siwezi kuingia, hata nikilia, hata nikiapa.

Nimekuaibisha mbele yake, najua. Pengine keshokutwa watakuuliza kulikoni mama yako anapiga simu usiku, na pengine watasema kijana huyu bado mdogo. Nikasirikie. Utakuwa na safari nzima ya Tanga ya kunikasirikia, na ukifika usiponipigia simu siku mbili tatu nitavumilia, ingawa sitalala. Kazi ikipotea utapata nyingine, nami nitabeba lawama kwa baba yako.

Lakini yule msichana wa kwanza kwenye ile orodha amelala sasa katika chumba nilichokisoma. Hajui kwamba mwanamke mmoja wa Bagamoyo anajua chumba chake. Hajui ni nani mwingine anayekijua, na wewe hujui, na mimi sijui.

Naipitisha barua hii chini ya mlango wako. Binamu zako naona wameshaanza kuaga. Usije kunibembeleza, usije kuniomba radhi, hata usije kunionyesha kuwa umeisoma. Shika simu, baba. Bi. Rehema hajalala, na katika sisi wote sauti anayoiamini ni yako tu.

Mama yako